Mpaka wa Maili na Mpaka wa Utiifu: Kuisoma Upya Tarihi ya Pate Darasani

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya fasihi, hebu tuanze na fasili. Fungua kitabu chochote cha fasihi simulizi kinachotumika katika shule zetu za upili. Utakuta masimulizi ya kihistoria yamegawanywa katika vipera: visakale, mighani, mapisi, tarihi. Tarihi huelezwa kuwa ni maelezo ya matukio yaliyopangwa kwa kufuata wakati yalipotukia. Mapisi nayo husemwa kuwa ni masimulizi ya kihistoria yasiyotiwa ubunifu. Mwanafunzi huzikariri fasili hizo, huzimwaga katika kijitabu cha majibu, na msahihishaji humpa alama zake. Mimi pia nimezitoa alama hizo kwa miaka kadhaa bila kusita.

Aliyenisitisha ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, mzaliwa wa Siyu. Nilikuwa nimeitaja Habari za Pate kuwa mfano bora wa tarihi ya Waswahili, kisha nikaongeza, kwa kujigamba kidogo, kwamba hati yake ya asili inaelezwa kuwa iliteketea Witu mwaka 1890. Kijana akainua mkono. "Mwalimu, kama iliteketea, hii tunayoisoma ni ipi?" Nikamjibu kwamba ilisimuliwa upya na mtu aliyeijua. "Na huyo msimulizi alisimulia yote, au alichagua?" Darasa likanyamaza likinisubiri. Sikuwa na jibu la kumfaa. Makala haya ni jaribio la kumjibu, ingawa yeye alikwisha kumaliza shule kitambo.

Dai langu ni hili. Habari za Pate si orodha ya wafalme iliyobahatika kuhifadhiwa. Ni kazi ya fasihi iliyotoka katika mgogoro wa mipaka, ikaungua kwa sababu ya mgogoro huo, na ikasimuliwa upya mbele ya wale walioshinda. Msomaji asiyeujua mgogoro wenyewe atasoma majina na miaka, na mengi yaliyomo yatampita.

Hati ilifikaje Witu?

Kwa wale ambao hawajaisoma, tarihi hii inasimulia ukoo wa Wanabahani waliotawala Pate. Inaanza na Suleimani, mgeni kutoka Arabuni, aliyefika Pate mwaka 600 Hijria (sawa na mwaka 1204 hivi), akamwoa binti wa mwenye mji, na ufalme ukamfuata kwa njia ya ndoa hiyo. Kuanzia hapo tunapelekwa kutoka kwa mfalme hadi mfalme mpaka mwisho wa karne ya 19. Msimulizi anayetajwa katika matoleo makuu ni Bwana Kitini, ambaye jina lake kamili ni Muhammad bin Fumo Omari, naye ni Mnabahani. C. H. Stigand aliichapisha kwa Kiingereza mwaka 1913. Alice Werner akaitoa kwa Kiswahili pamoja na tafsiri katika miaka ya 1914 na 1915. Heepe akaitoa Ujerumani mwaka 1928. Nakala nyingine zimo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1993 Marina Tolmacheva aliyakusanya matoleo hayo pamoja katika kitabu kimoja.

Sasa jiulize: hati ya wafalme wa kisiwa cha Pate ilikuwa ikifanya nini Witu, bara, ndani ya msitu?

Jibu linaturudisha nyuma hadi vita vya Shela, vilivyopiganwa mnamo mwaka 1812 au 1813. Watu wa Pate na Wamazrui wa Mombasa walivuka kwenda kuipiga Lamu wakashindwa vibaya. Inasimuliwa kwamba maji yalikupwa, vyombo vikakwama mchangani, na waliotaka kurudi hawakuwa na pa kurudia. Lamu, kwa kuogopa kisasi, ikamwita Seyyid Said wa Omani. Kuanzia hapo mkono wa Wabusaidi haukuondoka tena katika visiwa hivi. Siyu ilikataa kutii. Chini ya Bwana Mataka mji huo mdogo uliyarudisha majeshi ya Seyyid Said katika miaka ya 1840, na amiri wake mkubwa, Hamad bin Ahmed, akauawa. Lakini Pate yenyewe ilizidi kudhoofika, na katika miaka ya 1860 Sultani Majid aliibana hata Mnabahani wa mwisho, Ahmed bin Fumo Luti aitwaye Simba, akakimbilia bara. Alikaa kwanza Kau, kando ya mto Ozi, kisha akajenga Witu. Watoro waliokimbia utumwa wakamfuata huko, pamoja na kila mwenye ugomvi na Unguja. Bila shaka hati ya ukoo ilihama naye. Mfalme aliyepoteza mji huchukua vitu vinavyothibitisha kwamba aliwahi kuwa nao.

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1885, akitishwa na majeshi ya Sultani Barghash, Simba aliwauzia ardhi ndugu wawili wa Kijerumani, Clemens na Gustav Denhardt, na mwezi wa Mei Ujerumani ikatangaza kwamba Witu iko chini ya himaya yake. Tarehe 1 Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani zikaafikiana kuhusu mipaka ya Sultani wa Unguja: akaachiwa visiwa, na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 za bahari unaoishia Kipini. Pwani kutoka Kipini hadi mwisho wa kaskazini wa Ghuba ya Manda ikawa ya Witu.

Tulia hapa kidogo, msomaji, kwa maana hapa ndipo penye kiini. Maafikiano hayo yalivitaja visiwa kwa majina: Unguja, Pemba, Lamu, Mafia. Pate haikutajwa. Manda haikutajwa. Kisiwa ambacho tarihi nzima inakihusu hakikupata hata neno moja katika karatasi iliyoigawa pwani hiyo. Kwa sababu ya kimya hicho Wajerumani walidai kuwa Pate na Manda ni za Witu, Waingereza wakadai kuwa ni za Sultani wa Unguja aliyekuwa ameikodisha pwani kwa kampuni yao. Mzozo kuhusu ushuru wa Lamu ulipelekwa kwa msuluhishi Mbelgiji, Baron Lambermont, ambaye katika Agosti 1889 aliamua kuwa Sultani yu huru kumkodisha amtakaye. Mzozo wa Pate na Manda ukaendelea hadi tarehe 1 Julai 1890, Ujerumani ilipoiacha Witu yote kwa Waingereza, nayo ikapewa kisiwa cha Heligoland kilichoko katika Bahari ya Kaskazini.

Fumo Bakari, aliyemrithi Simba, hakuulizwa. Mwezi wa Septemba mwaka huo Mjerumani Andreas Küntzel na wenzake waliuawa Witu baada ya ugomvi langoni. Oktoba, Admirali Fremantle alitoka Kipini na askari wake, na tarehe 27 Witu ikatekwa na kuchomwa moto. Katika moto huo, yaelezwa, hati ilipotea. Wanabahani waliosalia walirudi nyuma hadi Jongeni, wakapigwa tena mwaka 1893.

Nimelisimulia hili kwa urefu kwa sababu vitabu vya kiada havilisimulii kabisa. Mwalimu mmoja aliwahi kuniambia kwamba hiyo ni kazi ya mwalimu wa Historia. Sikubaliani naye. Tunapofundisha riwaya tunataka muktadha wake wa kijamii. Kwa nini tarihi inyimwe haki hiyo?

Jiografia ya utii

Ukishayajua hayo, sehemu ya katikati ya tarihi inabadilika machoni pako. Mathalani, katika masimulizi ya Sultani Omari, ambaye kwa hesabu ya tarihi yenyewe aliishi karne ya 14, tunaambiwa kwamba Pate iliishinda miji ya pwani mmoja baada ya mwingine hadi kufika Kerimba, katika Msumbiji ya leo. Katika kila mji mfalme aliweka mtu wake, na hiyo ndiyo asili ya majumbe. Unguja pekee haikutiwa katika hesabu, na sababu inayotolewa ni kwamba zama hizo Unguja haikuwa na sifa.

Mwanahistoria atalikataa dai hilo, na ana haki. Neville Chittick alikwisha kuonyesha mwaka 1969 kwamba dola ya Pate ya zama hizo haiungwi mkono na ushahidi mwingine, na kwamba Wanabahani hawakutawala mapema kiasi hicho. Lakini mhakiki wa fasihi haishii hapo. Anauliza: kauli hii inatendaje kazi katika kinywa cha msimulizi? Anayesema ni Mnabahani. Ukoo wake umefukuzwa Pate na Sultani wa Unguja. Mipaka ya nchi yake imechorwa na wageni waliomtambua Sultani huyohuyo kuwa mwenye pwani. Naye, bila kupandisha sauti, bila tusi hata moja, anapitisha maneno machache kwamba Unguja wakati huo haikuhesabiwa. Mtahiniwa akiulizwa mfano wa kinaya katika fasihi simulizi, sioni mfano uliopikwa vizuri kuliko huu. Ukali wake wote umefichwa katika sauti ya mtu anayetoa taarifa tu.

Angalia pia mpaka wenyewe unavyoelezwa. Hakuna mahali tarihi inapochora mstari. Mpaka wa Pate ni miji inayotii. Mji ukiasi, mpaka umerudi nyuma. Ukishindwa na kupewa jumbe, mpaka umesonga mbele. Lahaja za kaskazini zinausaidia mtazamo huu: mui, yaani mji, ni zaidi ya majengo, na nti ni ardhi unayoikanyaga na pia nchi unayoitawala. Kwa msimulizi wa namna hii, kipimo cha maili 10 kutoka pwani hakina maana. Maili haziasi, wala hazioani na mtu. Ndiyo maana ufalme unaanza na harusi: utii wa kwanza katika tarihi hii ni wa baba mkwe kwa mkwewe.

Hapa ndipo napoona ustadi wa Habari za Pate, na ndipo palipo na dhamira yake kuu. Vita ni vingi, lakini dhamira ni uhalali: nani ana haki ya kutiiwa, na haki hiyo hupitia wapi inapotoka kwa huyu kwenda kwa yule. Takriri ya kila sura (fulani akafa, akatawala mwanawe fulani, akakaa miaka kadha) huwachosha wanafunzi, na nakiri kwamba kurasa za mwanzo zinanichosha mimi pia. Kuna wafalme wasiokuwa na jambo ila jina na urefu wa ufalme. Hata hivyo takriri hiyo ina kazi. Ni hati ya kumiliki inayosomwa kwa sauti. Ukiondoa kiungo kimoja, dai lote linakatika. Msimulizi hawezi kumruka mfalme asiyekuwa na habari kama ambavyo wewe huwezi kumruka babu yako unapodai shamba.

Pale anapokuwa na habari, anajua kusimulia. Kisa cha Mwana Darini na siwa, kwa mfano, kingeweza kusimama peke yake kuwa hadithi fupi: mwanamke wa ukoo wa kifalme anayenyimwa baragumu ya heshima kwa sherehe ya mwanawe, naye anaagiza itengenezwe nyingine. Humo mna mgogoro na hadhi, na mhusika mwenye msimamo. Fasili inayosema mapisi hayana ubunifu ingekisema nini kisa hiki?

Kasi na kimya

Turudi kwa swali la mwanafunzi wangu. Je, alisimulia yote?

Pima kasi ya usimulizi. Wafalme wa kale wana vita virefu, mashauri na hila. Tunapokaribia Witu, ambako msimulizi alikuwa karibu zaidi na matukio, usimulizi unafupika. Himaya ya Wajerumani, kuuawa kwa Küntzel, moto wa 1308 Hijria, kuhamia Jongeni: yote yanapita kwa haraka, kwa sauti kavu. Kwa kawaida tungetarajia kinyume chake. Shahidi huwa na mengi kuhusu aliyoyaona na machache kuhusu ya mababu.

Wengine wameeleza kwamba msimulizi alichoka, au hayo hayakuwa katika hati ya kale aliyoikariri. Yawezekana. Mimi naelekea zaidi upande wa hadhira. Tunawafundisha wanafunzi wetu kila muhula kwamba fasihi simulizi huathiriwa na anayesikiliza. Basi tuitumie kanuni hiyo hapa. Stigand alikuwa kapteni wa Kiingereza. Tarihi ilisimuliwa kwa watu wa serikali ileile ambayo majeshi yake yaliiteketeza Witu na nakala ya kwanza ya tarihi yenyewe. Mnabahani aliyeketi mbele ya hadhira hiyo angesema nini kuhusu mwaka 1890? Angeweza kulalamika, na yasingeandikwa. Angeweza kusifu, na angejidhalilisha. Alichagua kupita upesi. Dola kubwa ya Sultani Omari inasimuliwa kwa mapana kwa sababu huko nyuma hakuna afisa wa kumkatiza.

Sisemi kwamba tarihi nzima ni propaganda ya ukoo, kama baadhi ya wasomi wanavyoelekea kuisoma. Propaganda isingesimulia kushindwa kwa Shela. Tarihi hii inasimulia. Ila usiisome Shela kwa upande mmoja: Lamu nayo ina tarihi yake, Habari za Lamu, iliyochapishwa na William Hichens mwaka 1938. Wape wanafunzi vita vimoja kwa vinywa viwili, vya mshindi na mshinde, nao wataelewa dhana ya mtazamo wa msimulizi kwa kipindi kimoja kuliko kwa kukariri maana yake muhula mzima. Nimejaribu, na darasa liligawanyika kwa visiwa kabla sijamaliza kusoma.

Jambo la kimya linatuhusu hata katika ushairi. Utenzi wa Mwana Kupona tunaufundisha kama mawaidha ya ndoa na malezi, na hivyo ndivyo ulivyo. Lakini mtunzi alikuwa mke wa Bwana Mataka wa Siyu, mtu aliyepambana na Unguja kwa takriban miaka 20. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Utenzi ukatungwa mwaka 1858, mama akiwa mgonjwa, akimwachia bintiye. Hausimulii vita. Sijapata kuona mwongozo wa shule unaouliza kwa nini mjane wa mpiganaji, katika mji ambao bado haujasalimu amri, anaufunga usia wake ndani ya nyumba. Huenda nyumba ndiyo mpaka pekee aliokuwa na uwezo wa kuulinda. Hilo ni wazo langu, na unaweza kulipinga. Ila ukilipinga, lipinge kwa kuusoma utenzi, si kwa kulitaja jina la mwongozo.

Kwako mtahiniwa: ukipewa kauli kama "Tarihi ni masimulizi ya kweli yasiyokuwa na ubunifu. Jadili," usikimbilie kukubali ili upate alama za haraka. Toa fasili kama inavyotakiwa, kwa sababu msahihishaji anaitafuta. Kisha onyesha kwamba mpangilio wa wakati katika Habari za Pate umefuatwa, ila uteuzi, kasi, takriri na kinaya ni mbinu za kisanaa. Taja mfano wa Unguja isiyokuwa na sifa, au ufupi wa habari za Witu. Msahihishaji mwenye kujua kazi yake hatakunyima alama kwa kuwa umefikiri.

Na wewe mwalimu wa kaskazini, usidhani mada hii ni ya zamani kwa wanafunzi wako. Mwaka 1925 Jubalandi ilipokabidhiwa kwa Waitaliano, mstari mwingine ulipita katikati ya Wabajuni, wengine wakabaki Chula na Kismayu, wengine Faza, Ndau na Kiunga. Katika miaka ya 1960 mashambulizi ya mashifta yaliwafanya watu wavihame vijiji vya bara ya Tikuuni wakajazana visiwani. Mwaka 2021 mahakama ya kimataifa ya The Hague ilikuwa bado ikiamua mpaka wa bahari unaoanzia pwani hiyohiyo. Watoto hawa wamekulia katika habari za mpaka. Wakiambiwa kwamba tarihi ni majina na miaka watakubali kwa adabu, kisha watasahau.

Zoezi nililowapa darasa langu baada ya hapo unaweza kulichukua. Pale Siyu iko ngome ya mawe inayotazama mkondo wa maji. Wapo wasemao ilijengwa na Siyu kujikinga na Unguja, na wapo wasemao ilijengwa na Unguja kuidhibiti Siyu. Kila mwanafunzi amwendee mzee mmoja na kumuuliza ni nani aliyeijenga, aandike jibu neno kwa neno, na chini yake aandike mzee huyo ni wa mji gani na ukoo gani. Majibu yasomwe darasani bila kusahihishwa. Nilipoyasoma yale ya darasa langu, ngome moja ilikuwa imejengwa mara sita, na watu watano tofauti.